Wiki mbili kwa ajili ya meza moja: shajara ya Sikukuu ya Martin, Bonn

Jumamosi, 28 Oktoba 2023

Mwaka huu zamu imeniangukia mimi. Kwa miaka sita, kila tarehe 11 Novemba, Sikukuu ya Mtakatifu Martin, nimekuwa mgeni wa mama mkwe: nakaa, nakula, nasifia, naondoka na bakuli la mabaki. Kiangazi hiki alifanyiwa upasuaji wa goti, na aliposema safari hii hapiki, mdomo wangu ukatangulia akili. "Basi mtakuja kwetu." Mume wangu alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba mkewe amenunua ng'ombe na wao wanaishi ghorofa ya tatu.

Tutakuwa watu kumi na wawili. Oveni ni moja, tena ndogo. Nimebandika orodha kwenye friji: bata bukini wa kuchoma, nyama ya ng'ombe ya siki iitwayo Sauerbraten, kabichi nyekundu, matonge ya viazi yaitwayo Klöße, keki ya vitunguu ya kuanzia, na matufaha ya kuokwa ya kumalizia. Nyama mbili si fahari. Bata bukini wa kilo tano ni mifupa na mafuta zaidi ya nyama; analisha watu sita, saba wakiwa na adabu. Halafu shoga yangu wa Unguja anakuja na mumewe na watoto, na hao hawali kisichochinjwa kisharia wala kilichoguswa na nguruwe au divai. Ukiupekua upishi wa Kijerumani utaona nguruwe na divai vimejificha hata kwenye mboga, kwa hiyo lazima nipange.

Nikampigia mama mkwe nimsomee orodha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Nyama ya siki unaianza lini?"

"Ijumaa," nikamjibu. "Siku moja kabla."

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe inaanza wiki hii hii inayokuja. Hapo ndipo nilipoamua kuandika shajara.

Jioni nimefanya jaribio la keki ya vitunguu, Zwiebelkuchen. Ni keki kwa jina tu, sukari haimo: unga wa hamira uliotandazwa kwenye sinia, juu yake vitunguu kilo moja na nusu vilivyochanganywa na mayai na krimu chachu, na mbegu za Kümmel ambazo ni kama binamu wa bizari nyembamba. Wenyewe hutia pia vipande vya mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi, hivyo nimeviacha. Nimeharibu. Mkono wa mtu wa Tanga ukishika vitunguu unajua kazi moja tu, kuvikaanga mpaka viwe rangi ya pilau. Huku vinatakiwa moto mdogo, sufuria ifunikwe, nusu saa nzima, vinywee na kung'aa bila kugeuka rangi. Vyangu viliingia oveni vikiwa vya kahawia, vikatoka vyeusi na vichungu. Nimeila peke yangu.

Keki hii huendana na Federweißer, divai mbichi ambayo bado inachachuka ndani ya chupa. Inauzwa kuanzia Septemba mpaka siku kama hizi, basi. Kwa kuwa inatoa hewa muda wote, kizibo hakikazwi. Ukikikaza chupa itapasuka. Muuzaji pale sokoni mbele ya jengo la zamani la manispaa aliniambia niibebe ikiwa wima. Nikaitikia vizuri, halafu nikailaza chini ya vitunguu. Niliposhuka tramu nilikuwa nanuka kama mgema. Kilichobaki tumekinywa leo usiku, na mtu aliyekulia karibu na minazi hahitaji maelezo: leo ni tamu kama juisi, keshokutwa itakuwa kali, na hakuna anayeweza kuiambia isubiri.

Jumatatu, 30 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma jana alfajiri. Saa kumi na moja na robo jioni jua limeshazama, na ghafla watu wote wa jengo wananunua mishumaa.

Nimeagiza bata bukini. Nimepiga simu shamba la kwanza: wameisha. La pili: wameisha tangu mwanzoni mwa Oktoba. La tatu, mama mmoja akasema kuna mteja amejitoa, yupo mmoja wa kilo tano, nimchukue Alhamisi ya wiki ijayo, karibu yuro 90. Nilimeza mate nikakubali. Walioganda dukani wapo kwa bei ya chini sana, wengi wao kutoka Poland na Hungaria, na sina neno nao, ila mama mkwe angemjua kwa kumwangalia tu.

Kwa nini bata bukini? Mwanangu wa darasa la kwanza ana jibu la shuleni. Martin alikuwa askari wa Kirumi. Kwenye lango la mji wa Amiens alikutana na maskini anayetetemeka kwa baridi, akakata joho lake vipande viwili kwa upanga na kumpa kimoja. Baadaye watu wa Tours walimtaka awe askofu wao, ilikuwa mwaka 371, naye kwa unyenyekevu akajificha kwenye banda la bata bukini. Wakapiga kelele, akapatikana. Tangu hapo bata wanalipa.

Mume wangu ana maelezo makavu zaidi. Tarehe 11 Novemba, siku Martin alipozikwa mwaka 397, ilikuja kuwa mwisho wa mwaka wa mkulima. Wapangaji wa mashamba walilipa kodi, mara nyingi kwa mifugo. Vibarua walilipwa na kuhama. Wanyama wasiotosha malisho ya baridi walichinjwa. Bata bukini walikuwa wameshanona kwa kuokota nafaka mashambani baada ya mavuno. Na baada ya siku hiyo ulianza mfungo wa siku arobaini kabla ya Krismasi, kwa hiyo mtu alikula kama anayeaga. Hadithi ya banda ni tamu, lakini mimi naamini ya kodi. Na sisi tunaovunja jungu mwisho wa Shaabani tunaelewa kuaga sufuria kulivyo.

Jumanne, 31 Oktoba

Leo nimepika kabichi ya bluu.

Ilivyotokea ni hivi. Kabichi nyekundu ya huku ni ngumu, nimeikata nyembamba nikaipika saa nzima na bado inatafunika kama mkeka. Nyumbani maharagwe yakikataa kuiva, au kisamvu, tunatia magadi. Magadi sina, lakini nina soda ya kuokea. Nikatia nusu kijiko. Mbele ya macho yangu sufuria nzima ikageuka buluu, bluu ya wino wa kalamu, na pembeni kijani. Mwanangu akapiga makofi.

Rangi ya kabichi hii yenyewe ni kipimo: ikikutana na uchachu inakuwa nyekundu, ikikutana na magadi inakuwa bluu. Ndiyo maana huku Rheinland inaitwa Rotkohl, kabichi nyekundu, na kusini Bavaria mboga hiyo hiyo wanaiita Blaukraut, mboga ya bluu. Nilimimina siki kwa hasira na wekundu ukarudi kama taa iliyowashwa. Ladha haikurudi. Ilikuwa laini kama uji, na mbali kwa mbali sabuni.

Njia ya mama mkwe, kwa simu: siki na matufaha machachu tangu mwanzo, moto mdogo, saa moja na nusu, na ipikwe siku mbili kabla. "Ikilala ndiyo inakuwa mboga," amesema. Ndani unatia kitunguu kizima kilichochomekwa karafuu, unakitoa mwishoni. Karafuu angalau nazijua. Shoga yangu huleta za Pemba kila akitoka likizo.

Jumatano, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Maduka yamefungwa, na mimi nimeamka nikiwa na nyama kilo mbili ya bega kutoka kwa bucha Mturuki na siki vijiko vitatu. Hili kosa mtu aliyekaa Ujerumani miaka minane hatakiwi kulifanya. Mama mkwe amekuja na siki yake ya tufaha, na fimbo yake ya kutembelea, na macho yake.

La kwanza aliloliona ni sufuria. Nilikuwa nimeandaa sufuria kubwa niliyobeba kutoka Muheza kwenye sanduku, ile ya alumini nene, iliyopika harusi mbili. Akaigonga kwa kidole. "Hapana." Siki ya siku tisa itaila alumini, na nyama itapata ladha ya sarafu. Akamtuma mwanawe garini akalete chungu chake, chungu kizito cha kijivu chenye maua ya bluu, kazi ya Westerwald ng'ambo ya Rhine, chenye mfuniko wa mbao. Kilikuwa cha mama yake.

Tumechemsha siki nusu lita, maji nusu lita, na juisi ya zabibu nyekundu nusu lita mahali pa divai. Nilidhani atanuna kwa hilo la divai. Akasema bibi yake divai aliiona kanisani tu. Humo ndani karoti, kitunguu, liki na kipande cha mzizi wa seleri (vyote vinauzwa vimefungwa pamoja kwa mpira, kifurushi kimoja), majani matatu ya Lorbeer (bay leaf), karafuu sita, pilipili manga, mbegu za haradali, na Wacholder, tunda dogo jeusi kavu ambalo ukiliponda linanukia msitu baada ya mvua. Ikapoa kabisa. Hapo nyama ikazamishwa, yote, isichungulie. Kila siku niigeuze.

Wakati tunasubiri ipoe akanisimulia kwamba Sauerbraten ya asili ya Rheinland ilikuwa ya farasi. Mnyama mzee aliyemaliza kazi yake, nyama ngumu kama kiatu. Siki ndiyo iliyoilainisha. Nikafanya makosa ya kumrekodia mama yangu habari hiyo. Jibu limekuja dakika mbili baadaye: "Mwanangu, niambie ukweli, huko mnakula punda?"

Jumamosi, 4 Novemba

Nimegeuza nyama. Imekuwa ya kijivu kwa nje, inatisha. Nimeambiwa ni sawa.

Leo matonge. Mwalimu ni mzee jirani wa ghorofa ya chini, mtu wa Thuringia, na watu wa Thuringia kuhusu Klöße ni kama Wazanzibari kuhusu urojo: wengine wote wanakosea. Sheria yake: sehemu mbili za viazi vibichi, sehemu moja ya vilivyochemshwa. Viazi viwe vya unga, vile vinavyopasuka vikichemshwa. Vigumu vya saladi havifai.

Vibichi unavikuna kwenye bakuli la maji, kisha unavitia kwenye kitambaa na kukamua. Hapa nilimshangaza. Nilikikunja kitambaa, nikakisokota, nikakamua mpaka ndani pakabaki makapi makavu. Akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia nazi. Maji yaliyokamuliwa usiyamwage mara moja. Yaache yatulie, chini patabaki wanga mweupe mzito unaogota ukiugusa, nao unarudishwa. Viazi vilivyochemshwa vinapondwa na maji yake viwe uji mzito, unamiminwa ukiwa unatokota juu ya vibichi, unasongwa haraka na chumvi. Haraka kweli, kwa sababu vibichi vinaanza kuwa vyeusi. Kusonga nako sikufundishwa na mtu. Ugali ni ugali.

Halafu mkono uliolowa, tonge la ukubwa wa chungwa dogo, katikati unaficha vipande vya mkate vilivyokaangwa kwa siagi.

Kiburi kiliniangusha kwenye maji. Mzee alishuka kwake kupokea simu, nami nikaona maji yametulia mno, hayachemki, nikaongeza moto. Aliporudi sufuria ilikuwa supu ya viazi yenye visiwa vitatu. Hakusema kitu. Alipunguza moto mpaka maji yakawa yanatetemeka tu, akatengeneza matonge mapya kwa unga uliobaki, tukasimama wote wawili tunayatazama dakika ishirini mpaka yakaelea moja baada ya jingine. Tonge moja alilipasua kwa uma mbili, akanionyesha: ndani kuna mvuke na ule mkate. Kisu ni mwiko.

Jumanne, 7 Novemba

Nyama: imegeuzwa. Taa ya karatasi ya mwanangu, ya kubeba kwenye maandamano ya jioni ya Martin, imekamilika, ni bata bukini mwenye shingo iliyopinda. Nimekula Klöße za jaribio siku tatu mfululizo.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimemchukua bata. Yule mama wa shambani alimfunga kwa karatasi kama mtoto mchanga na kunipa bure kitita cha Beifuß, jani chungu la kijivu linalotiwa tumboni mwa bata ili mafuta yasimlemee mlaji. Friji imejaa, kwa hiyo bata analala barazani kwenye sanduku, nje ni nyuzi nne. Friji ya Mungu, anasema mume wangu.

Kabichi imepikwa, sufuria mbili. Kwa mafuta ya kawaida zote. Kwa kweli hutiwa mafuta ya bata bukini, lakini nikisema sufuria hii yenu na ile yetu, watoto watachanganya miiko kabla hatujakaa. Matufaha ya Boskoop, machachu ya kukunja uso. Rangi ni ya joho la askofu. Soda nimeificha kabatini nyuma ya mchele.

Ijumaa, 10 Novemba

Leo siki imenilipa.

Nyama imetoka chunguni, nimeikausha kwa kitambaa na kuikaanga pande zote mpaka ikashika rangi. Hapa vitunguu vinaruhusiwa kuwa vya pilau, nikavikaanga kwa uchungu wa kulipiza kisasi. Halafu maji ya chungu yaliyochujwa yakarudi juu yake, mfuniko, moto mdogo, karibu saa tatu. Nyumba nzima ilinuka siki hadi ngazini, nikaanza kuogopa. Nilionja sosi: kali, inakwaruza koo.

Kisha mama mkwe, ameketi jikoni mguu juu ya kigoda, akanielekeza moja moja. Kwanza zabibu kavu, gao mbili. Pili Printen za Aachen, biskuti ngumu za viungo, unazisaga kwa mkono na kuzinyunyiza ndani, zinafanya sosi iwe nzito. Lebo niliisoma mara mbili kwa ajili ya wageni. Tatu Rübenkraut, shira nyeusi ya kiazisukari inayotengenezwa Meckenheim hapo karibu, kijiko kimoja, onja, kijiko cha pili, onja. Kwenye kijiko cha pili jambo likatokea. Uchachu haukuondoka, ulipata mwenzake. Nilisimama na mwiko mdomoni nikifikiria chatini ya ukwaju na sukari guru, ile ya mama yangu, ambayo huyu mama mwingine hajawahi kuiona.

"Nini?" akauliza.

Nikamwambia naijua hii ladha. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia jambo la kawaida, akaniambia niongeze chumvi.

Jumamosi, 11 Novemba

Ratiba ukutani. Saa tano na dakika kumi na moja asubuhi hapa Rheinland ndipo msimu wa kanivali, sherehe za watu kujivika mavazi ya vituko, unapofunguliwa, tarehe 11 ya mwezi wa 11, kwa hiyo shemeji yangu aliyetoka Köln kwa treni amefika amebanwa na mashetani, maharamia na nyuki wa kike waliokunywa wakalewa. Ana mng'aro wa rangi kwenye ndevu. Nimempa kazi ya kumenya viazi kilo nne.

Saa sita na nusu mchana bata ameingia oveni, nyuzi 160. Nimemtoa mafuta ya tumboni, nimemjaza matufaha, kitunguu na Beifuß, nimemchomachoma ngozi chini ya mapaja ili mafuta yatoke, nimemweka kifua chini kwenye maji kidogo. Kila saa moja namchotea mafuta. Si utani: kufikia saa tisa nilikuwa nimejaza mitungi miwili.

Keki ya vitunguu iliokwa asubuhi, nyeupe na laini. Safari hii vitunguu vilitii.

Saa kumi na moja kasoro robo, jua linazama, tatizo ambalo ratiba haikuliona: maandamano ya taa yanaanza saa hiyo hiyo ambayo bata anatakiwa kupandishiwa moto na kupakwa maji ya chumvi ili ngozi ikauke na kuvunjika. Nilikuwa nimeshavua viatu nibaki. Mama mkwe akaniondoa jikoni kwa fimbo yake. "Bata amenijua kabla hajakujua wewe."

Barabara ilikuwa giza na taa mia. Mbele farasi mweupe, juu yake mtu mwenye kofia ya Kirumi na joho jekundu. Watoto wanaimba, bendi ya shule inapuliza, na shoga yangu ameshika mkono wa mwanangu na wa binti yake. Farasi akasimama karibu yetu, akapumua mvuke. Mwanangu akamtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti yote aliyojaliwa: "Mama, huyu ndiye tutamtia kwenye siki?"

Shoga yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara. Wajerumani wakatabasamu wasijue.

Tuliporudi, tukiwa na Weckmann, yale mabofulo ya umbo la mtu yenye kiko cha udongo kifuani, ngozi ya bata ilikuwa inalia chini ya kisu. Klöße zilielea, kumi na tisa kati ya ishirini. Sauerbraten iliisha kwanza. Mzee wa Thuringia alikula tonge la kwanza kimya, la pili kimya, na la tatu akasema linaweza kuwa laini zaidi kidogo. Mume wangu ananiambia kwa mtu wa Thuringia hiyo ni nishani. Matufaha ya kuokwa yaliungua chini, sikuyapa nafasi kwenye ratiba, tukayafunika kwa sosi ya vanila.

Jumapili, 12 Novemba

Mitungi mitatu ya mafuta, nimeandika tarehe. Mifupa iko kwenye sufuria ya Muheza, ambayo leo imeruhusiwa jikoni, supu ya kesho. Klöße tatu zilizobaki nimezikata vipande na kuzikaanga kwa siagi mpaka zikawa na ukoko, tumezila na chai ya tangawizi.

Chungu cha Westerwald kimeoshwa, kiko mlangoni. Nimempigia mama mkwe nimwulize nikirudishe lini. Amesema friji yake ni ndogo, na goti halimruhusu kukibeba, kikae tu.